Pindo la Baiskeli ya Zamzam

Ukimpelekea Mzee Kitwana kitambaa cha sare ya mtoto wa darasa la kwanza, alikurudishia sare ya mtoto wa darasa la tatu. Mikono ilimeza vidole na kaptula ilipita magoti. Ukilalamika, alikugeuzia pindo akakuonyesha kitambaa kilicholala ndani. "Mtoto hukua, mama," alisema. "Kitambaa hakikui." Miaka ile kitambaa chenyewe tulikipata kwa kupanga foleni tangu alfajiri, kwa hiyo nani angembishia? Watoto wa Mtaa wa Narung'ombe ungewaona wote wanaelea ndani ya nguo.

Alikuwa fundi cherehani, Mzaramo wa hapa hapa, na kazi aliifanyia kwenye baraza ya nyumba yake. Mimi nilipanga chumba cha uani, nikichoma maandazi. Kwetu ni Songea, na Mngoni na Mzaramo ni watani, basi hakukupita siku bila kurushiana maneno. Akiwa na furaha aliniita Mama Filbert. Akitaka kunichokoza aliniuliza kama nimeshapata habari kwamba vita vya Majimaji vimekwisha.

Mjukuu wake Zamzam alikuwa hajatimiza miaka minne. Mama yake, Mgeni, mtoto pekee wa mzee, alikuwa anasomea ualimu chuoni. Baba yake sitamtaja, nisije nikaharibu siku yangu bure. Bibi alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo huyo mtoto alilelewa na babu tangu alipoachishwa ziwa. Mchana alilala chini ya meza juu ya vipande vya nguo, karibu na mguu wa babu uliokuwa ukikanyaga cherehani. Cherehani ikinyamaza, mtoto aliamka.

Mwaka uliofuata kufunguliwa kwa soko jipya la Kariakoo, habari zikaja kwamba Mgeni amemaliza chuo na amepangiwa shule ya kijiji cha ujamaa huko Urambo. Angepita kumchukua mwanawe kabla ya shule kufunguliwa. Mzee alisema alhamdulillahi, na jioni ile akashona mfuko wa suruali ya mtu akaufunga mdomo.

Kesho yake akaniambia kuwa Zamzam hataondoka Dar bila baiskeli. Mtoto alikuwa haambiwi kitu kuhusu baiskeli ndogo zilizoning'inizwa dukani kwa Awadhi, kila tukipita pale ilibidi abebwe. Ila mzee alikuwa na lake pia. Alitaka amwone akiendesha, kwa macho yake, kabla treni haijamchukua.

Tukaenda watatu. Awadhi alikuwa nazo mbili tu, zote zenye vile vigurudumu vya pembeni vya kumzuia mtoto asianguke. Mzee aliviita mabalozi, maana balozi wa nyumba kumi naye hukaa pembeni kuangalia nani anataka kuanguka. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa, ina kengele. Zamzam akapandishwa, miguu ikafika kwenye pedeli, akaisukuma mwenyewe mpaka mlangoni. Mimi nikasema basi, tumepata.

Mzee hakunisikia. Alivaa miwani akapapasa pale chuma kilipoungwa, kama anavyopapasa mshono wa kanzu. Akasema hii imeungwa na mtu aliyekuwa na safari. Kisha akambana balozi mmoja kwa goti, na balozi akapinda. Awadhi akakohoa.

Ya pili ilikuwa ya kijani, nzito, chuma kinene na matairi mapana. Mzee alikusanya kanzu yake akaikalia yeye mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake, na wapita njia wakasimama kucheka. Mabalozi hawakutikisika. Akashuka ameridhika, akavua futi shingoni, akampima mtoto toka kiunoni hadi kisiginoni, akaipima baiskeli, akaongeza kidogo kama alivyozoea. Akasema hii. Hata hakumpandisha mtoto.

Tulipofika nyumbani ndipo tukamweka juu ya kiti cha baiskeli. Miguu ikaning'inia, pedeli ziko chini huko. Zamzam akashika usukani akatulia, akingoja. Babu akamsukuma mgongoni kwa kiganja, na mtoto akacheka kwa furaha, akidhani kuendesha baiskeli ndiko huko. Babu hakucheka.

Mimi mdomo wangu haujui kungoja.

"Mtani, umemnunulia Zamzam au mama yake?"

"Atakua," akanijibu kwa mazoea.

"Atakua Urambo."

Akaacha kusukuma. Utani una mpaka, na nilijua mguu wangu umeshauvuka, kwa hiyo nikalainisha sauti nikamshauri airudishe, achukue ile nyekundu. Awadhi si mtu wa ugomvi. Mzee alikaa kwenye ngazi ya baraza, akimwangalia mjukuu wake anavyosubiri kusukumwa tena.

"Nyekundu ingenifurahisha mimi siku hizi chache," akasema, "halafu ingemvunjikia huko ambako hakuna Awadhi wala mimi. Hii ni yake, Mama Filbert. Mimi nitakosa kumwona, basi."

Lile neno basi lilimtoka vibaya. Nikarudi kwenye maandazi yangu nikiwa na hasira na reli, na Urambo, na ualimu.

Asubuhi akaja mama mmoja na sare ya binti yake, alitaka pindo lishushwe. Mzee akaanza kufumua uzi, na nguo ikarefuka mkononi mwake. Akasimama hapo hapo na wembe wake. Akaitazama baiskeli, akatazama miguu yake mwenyewe, akaniita kwa sauti niliyodhani ameona nyoka.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alivua makatambuga yake ya tairi ya gari, akakata kila soli vipande viwili, akavipanga viwili viwili juu ya kila pedeli, akavifunga kwa mpira wa tyubu. Akapima, akakaza, akapima tena. Tangu siku ile akawa anavaa kandambili. Zamzam akapandishwa, na nyayo zake zikakuta kitu cha kukanyaga. Mwanzo aliogopa, maana hakuna mkono mgongoni. Kisha akakanyaga, na baiskeli ikaondoka na mabalozi wake wakipiga kelele barabarani, mpaka kona, na kurudi. Mzee alikuwa amesimama na futi shingoni, machozi yanashuka kwenye ndevu na wala hayafuti. Mimi nilijifanya naangalia mafuta.

Mgeni alipofika alikuta mwanawe anajua kona zote za mtaa. Stesheni, mzee hakumpa binti yake wosia mrefu. Alimshika kidole akakiweka juu ya ile mipira ya tyubu.

"Miguu ikirefuka, fumua moja kila upande. Ikirefuka tena, fumua ya pili. Mabalozi waache mpaka yeye mwenyewe aseme."

Treni ilipoondoka tulirudi kwa miguu. Hakunitania njia nzima, na cherehani yake siku zile ilinyamaza mara nyingi bila sababu. Nilimkosa Zamzam, lakini zaidi niliikosa ile cherehani.

Walikuja likizo ya mwaka uliofuata. Mtoto alikuwa mrefu kama mtu aliyevutwa, na Kiswahili chake kimeshaanza kuwa cha bara. Alimwamkia babu yake shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akafungua kifurushi cha khanga alichokuwa amekibana kwapani tangu Urambo, maana alikataa kukiweka kwenye mizigo. Ndani mlikuwa na zile soli za katambuga, zote.

"Babu, pindo limekwisha," akasema.

Mzee Kitwana alizipokea akakaa nazo kwenye kiti chake cha kazi. Alizigeuza moja moja, akizipapasa kwa kidole gumba, taratibu. Za kushoto zilikuwa bado na kashata za tairi. Za kulia zililika mpaka zikawa laini. Akazitazama sana, kisha akautazama mguu wake mwenyewe wa kulia, uliokuwa umetulia juu ya pedeli ya cherehani.

"Anakanyagia huu," akaniambia. "Mama Filbert, anakanyagia huu huu wangu."

Akaanza kukanyaga cherehani, na kitambaa hakikuwemo.