Mstari wa Mafuriko kwenye Mwimo wa Mlango

Je, mpira ulikuwa na hewa ndani? Swali hilo liliniamsha siku nne mfululizo baada ya kurudi Birmingham.

Mpira wenyewe ulikuwa wa kumwagilia maua, wa plastiki inayoonyesha ndani. Kiangazi kile nilikuwa nimejitolea wiki tatu katika kijiji cha wakulima wa zabibu kando ya mto Moseli, Ujerumani, kupima na kuchora nyumba za kale. Digrii yangu ni ya uhifadhi wa majengo. Kazi sikuwa nimepata. Nyumba niliyopewa ilikuwa ya mama mmoja mtengenezaji wa divai: chini mawe, juu fremu ya mbao nyeusi, nafasi kati yake zimejazwa udongo na chokaa, paa la vigae vya mawe membamba. Mwimo wa kushoto wa mlango ulikuwa jiwe moja refu lililochongwa mistari ya mafuriko, kila mmoja na mwaka wake. Wa juu kabisa ulinifika begani.

Kila alipokuja mgeni, mama yule alikuwa akiweka kiganja juu ya mstari huo. "Maji yalifika hapa," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole, "na sisi bado tupo."

Siku ya mwisho nikaona mwaka uleule umechongwa kwenye ukuta wa kanisa, hatua chache kutoka pale. Nikatamani kulinganisha, lakini pimamaji yangu ilikuwa fupi. Nikafanya kama mafundi wa kwetu: nikajaza mpira maji, ncha moja mlangoni, nyingine kanisani, kwa kuwa maji husimama usawa mmoja pande zote mbili. Nikaandika vipimo, nikakimbilia treni.

Hesabu niliifanya Birmingham, mtaa wa Newtown, kwenye meza ya jikoni ya shangazi. Mstari wa mlangoni ulikuwa juu kuliko wa kanisani kwa zaidi ya mita moja. Mafuriko yaleyale! Maji hayawezi kumpandia jirani mmoja hivyo na kumwacha mwingine.

Basi ama nilikosea kupima, hewa ikiwa imenaswa ndani ya mpira na kupotosha maji, ama jiwe lile lilitoka kwingine. Mchoro ulitakiwa Ijumaa, uchapishwe kwenye ubao wa kusimamishwa mbele ya nyumba. Nikiacha mambo yalivyo, nimechora uongo. Nikisahihisha, namnyang'anya mama yule kauli yake mbele ya kijiji kizima. Na mimi ni nani, mgeni wa wiki tatu? Niliandika barua pepe sita, nikazifuta zote.

Shangazi, anayehudumia wazee kule Castle Vale, alirudi kutoka shifti akanikuta nimekuza picha ya mlango kwenye laptopu.

"Bado unaangalia huo mlango? Hata mchumba hatazamwi hivyo."

"Angalia hapa, shangazi." Nikamwonyesha mashimo mawili kwenye jiwe, yamezibwa kwa chokaa. "Haya yalikuwa ya bawaba. Lakini yanatazama barabarani. Mlango hauwezi kushikwa hapo."

Akavua viatu, akainama. "Kwani shida iko wapi? Si walihama nalo."

"Nani anahama na jiwe la mlango?"

"Na sisi je? Babu yako alipojenga nyumba ya mawe, alibeba mlango wa ile ya zamani. Fundi akalalamika ni mfupi. Babu akamwambia, basi fupisha ukuta. Mpaka leo nikiingia nainama."

Mimi pia nimeinama pale kila Desemba nikienda kwetu, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

"Wewe ungemwambia?"

"Mimi nitamwambia Mjerumani nini? Wewe ndiye umesoma. Lakini usimwandikie kama wakili. Mpigie simu."

Mapovu ya hewa yaliacha kunisumbua. Sasa nilitaka kujua ni nani aliyechoka na mto, akapanda juu, akaacha kuta zake zote isipokuwa jiwe moja.

Alhamisi asubuhi nikampigia yule mama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Niliyasoma mbio, kanisa, mpira, bawaba, bila kupumua. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Kwa hiyo hapa maji hayakufika begani?"

"Hapa hapana. Kule jiwe lilikotoka, ndiyo. Nadhani mtu wa ukoo wenu alilibeba."

"Huko chini karibu na mto kuna msingi wa zamani, ndani ya shamba letu," akasema. "Napanda viazi hapo. Upana wa huo mwimo ni kiasi gani? Naenda na tepu nione kama unalingana na pengo la mlango kule."

Nikamsomea kipimo. "Na ubao, mama?"

"Andika ulichokiona."

Sikungoja majibu ya viazi. Chini ya mchoro nikaandika: *Jiwe hili huenda lilihamishwa kutoka nyumba iliyokuwa chini zaidi.* Nikayasoma maneno hayo mara moja tu, nikautuma mchoro.