Kiatu cha Kushoto cha Ramazani

Nakumbuka siku niliyoaga Kasongo. Baraza la baba mdogo lilijaa watu, na nusu yao walikuja kuhakikisha kwa macho yao kwamba kweli ninaondoka. "Huyu hatafika hata Kindu," shemeji yangu alisema bila kushusha sauti. "Njaa ya kwanza itamrudisha." Mwanangu, leo diploma yangu ya ukocha iko ukutani. Nimefunga mabao Kindu, Kalemie, Bujumbura, Lubumbashi na Ndola, na shemeji huyo huja kwangu kuomba tupigwe picha pamoja. Niache nijisifu kidogo. Aliyejenga nyumba kwa mikono yake ana haki ya kugongagonga ukuta.

Lakini siku ile lilinichoma jambo lingine, si maneno ya shemeji.

Mimi na Ramazani, mtoto wa jirani yetu Mama Zaina, tulikuwa washambuliaji wawili wenye jozi moja ya viatu. Mama Zaina aliinunua kwa kuuza mikate ya mchele sokoni. Mimi nilipiga kwa mguu wa kulia, yeye kwa wa kushoto, basi tukagawana: kila mmoja kiatu kimoja, mguu wa pili peku. Vijana wa Lusangi, kijiji jirani, walitucheka mpaka tulipoanza kuwafunga. Na nikuambie kweli, mwanangu, aliyewafunga zaidi ni yeye. Uwanja ukiimba, uliimba Ramazani. Mimi nilikuwa "yule mwenzake".

Kiongozi wa timu moja ya Kindu alipokuja kutafuta mshambuliaji, alimtaka Ramazani. Ramazani akakataa, mama yake hakuwa na mtu mwingine wa kumlimia mpunga. Ndipo yule bwana akageuza shingo, akaniona mimi.

Kwetu msafiri haondoki kabla ya kusomewa fatiha, na kila anayemkabidhi kitu hutamka mbele ya watu, ili pasitokee ugomvi baadaye. Baba mdogo akatoa blanketi: "Nimekupa." Shangazi akatoa mchele: "Nimekupa." Ramazani akaja, akaniwekea kiatu cha kushoto magotini.

"Nimekuazima," akasema.

Watu wakacheka. Damu ikanichemka. Nikajisemea, huyu ananionea wivu. Safari nimepata mimi, sasa ananihesabia kiatu!

Nikaondoka na sumu hiyo kifuani. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama: nilibeba magunia bandarini Kindu mpaka waliponikabidhi jezi namba tisa. Baada ya hapo kila mji ulinipa jina. Lakini hakuna mji usio na mfanyabiashara wa kwetu jukwaani. Lubumbashi nilifunga bao ambalo hata kipa mwenyewe alilipigia makofi. Nje ya uwanja mchuuzi mmoja wa Salamabila, kule kwetu, akanikumbatia. "Yaya, kaka yangu, lile bao! Kama la Ramazani kabisa!" Chakula cha ushindi nikawaachia wenzangu. Mtu hajawahi kuvuka mipaka ya mkoa wetu wa Maniema, na bado yuko mbele yangu!

Nilirudi nyumbani mvi zimeshanianza, diploma ndani ya fremu, nikaandaa mechi ya wakongwe ya kujikaribisha mwenyewe. Nikaagiza Ramazani asiitwe. Nilisema namhurumia, eti goti lake linamsumbua. Mama Zaina akazipata habari. Akaja na fimbo yake, akaketi kabla sijamkaribisha.

"Weye iko na diploma ya nini?"

"Ya kufundisha mpira, mama."

"Walikufundisha hii? Mutu aliyepewa na mutu aliyeazimwa, nani lazima arudi?"

Akagonga fimbo sakafuni.

"Wote walikupa, sababu walijua utapotea. Mutoto wangu peke yake aliazima. Alitaka urudi. Kila mavuno ananiuliza, 'Mama, mwenye kiatu yangu amefika wapi?' Na weye unazunguka inchi zote hizi, unamukimbia mutu anayekungojea!"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Changu kilikuwa kiatuni.

Nilinunua jozi mpya ya viatu, nikamkuta Ramazani akigeuza mpunga juu ya mkeka. Nikasema, "Nimekurudishia." Akaitazama pande zote, akachukua cha kushoto, akanisukumia cha kulia.

"Hiki nitakifanyia nini, muzee? Mguu wangu huu haujasoma."

Hivyo ndivyo nilivyowalipa wote walionikopesha, maana alikuwa mmoja tu. Siku ya mechi tuliingia uwanjani na vitambi vyetu, kila mmoja kiatu kimoja, mguu wa pili peku. Nilimpa pasi, akafunga. Uwanja ukaimba Ramazani, nami nikaimba, tena kwa sauti kuliko wote. Hata kwa kuimba sipendi kushindwa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii: kabla hujasema fulani ana wivu nawe, jipapase kwanza wewe mwenyewe. Ukimwona anayekuzidi, mpe pasi, usimfungie mlango. Na ukiondoka kwenu, usimchukie anayekudai. Huenda ndiye pekee aliyeamini kwamba utarudi.

Mungu akupe miguu ya kufika mbali, akuepushe na moto wa kifuani, na nyuma yako amwache mtu wa kuuliza, kila mavuno, kiatu chake kimefika wapi. Amina.