Farasi wa Bi Kijakazi

Nyumba ya Idarusi iko Usagara, mjini Tanga, na chumba chake cha mbele, ambacho watu wengine wangeweka makochi na kabati la vyombo vya wageni, yeye alikigeuza kuwa chumba cha gemu za kulipia. Huko ndiko alikoletwa mama mkwe wake, Bi Kijakazi, mwaka ule alipopatwa na kiharusi.

Kilimkuta nyumbani kwake Tongoni, alfajiri, akiinama kuchota maji ya kutawadha. Kilimchukua upande wa kushoto wote, mkono na mguu. Ulimi nao ulikuwa mzito kwa muda, kisha ukafunguka. Sabra, binti yake wa pekee, hakutaka kusikia habari ya mama kubaki kijijini na majirani. Alikwenda kumchukua kwa gari, akamfungia nguo zake pamoja na shada la ukindu uliokwisha tiwa rangi, ingawa wote wawili walijua kwamba ukindu ule hautasukwa tena.

Maana Bi Kijakazi alikuwa msusi wa mikeka tangu usichana wake. Watu walitoka Muheza kuja kumwagiza mikeka ya harusi. Hakuchora nakshi wala hakupima. Alikaa barazani, miguu kainyoosha, macho yako kwingine kabisa, na vidole vikaendelea na safari yao peke yao, chane juu ya chane, nyekundu ikipanda, kijani ikizama. Akiulizwa nakshi fulani anaisukaje, ilimbidi asuke kwanza ndipo aseme. Sasa mkono wa kushoto ulimlalia mapajani kama mtandio uliosahauliwa na mgeni.

Siku za mwanzo alilala chumba cha ndani, kilichotenganishwa na kile cha mbele kwa ukuta mmoja tu. Alisinzia na kuzinduka bila kujua mpaka uko wapi, na sauti zikamjia kupitia ukutani: uwanja uliofurika watu, kwato za farasi, mvua kubwa, panga zikigongana, ngoma za nchi asiyoijua. Katikati ya usingizi alidhani dunia nzima imehamia upande wa pili wa ukuta ule, na kwamba ni yeye pekee aliyesahauliwa upande huu.

Asubuhi moja, wateja wakiwa hawajaanza kuja, Sabra alimsukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi mbele ya skrini kubwa.

"Tazama, mama. Hii mashine mpya. Mimi ndiye niliyemsumbua Idarusi mpaka akaileta."

Bi Kijakazi alitazama. Mbele yake palikuwa na bonde, na bondeni mto, na ukungu ukitambaa juu ya mto ule kama moshi wa jiko la jirani. Nyasi ziliinama upepo ukipita. Mwanamke mmoja aliyevaa joho refu alisimama ukingoni, amewapa mgongo, na kando yake farasi mwekundu alikuwa akila majani.

"Huko ni wapi?" aliuliza Bi Kijakazi.

"Si popote. Wamepatengeneza."

"Na maji yale?"

"Na maji pia."

Sabra aliweka pedi ya kuchezea juu ya mto wa kulalia, akamwekea mama yake mapajani, akamshikisha kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye kifimbo kidogo. "Sukuma mbele," alisema. Bi Kijakazi akasukuma, na yule mwanamke wa joho akaanza kutembea. Nyasi zikampisha. Bi Kijakazi hakukiinua kidole. Alitembea kandokando ya mto hadi jua la mle ndani likabadilika rangi, na Sabra, aliyesimama nyuma ya kiti, alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Idarusi alipoingia na kuona, aliamkia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa bila mama kugeuza shingo. Alicheka kimya kimya, akakaa kwenye benchi. Yeye na mkewe walikuwa na ubishi wao wa siku nyingi juu ya jambo hili. Sabra alipenda gemu zenye picha inayoshinda macho, mtu akitoka jasho uone linavyoshuka shavuni. Idarusi alisema sura huzoeleka upesi kama rangi mpya ya ukuta, na kinachobaki ni mchezo wenyewe. Ushahidi wake ulikuwa pembeni mwa chumba: televisheni ndogo na mashine ya zamani, ambayo wachezaji wake wa mpira walikuwa na vichwa vya pembe nne na mikono kama miko ya ugali, na bado watu wazima waliigombania kila jioni mpaka sauti zikawakauka.

"Mama aamue," Sabra alisema siku hiyo.

"Mama mwacheni atembee," alijibu Bi Kijakazi.

Akatembea siku nyingi. Lakini ilifika wakati uso wake ukaanza kupoa mbele ya bonde lile. Wengine waliokuwa ndani ya gemu, wachuuzi na walinzi na wanawake waliobeba ndoo, aliwasogelea mmoja mmoja, nao wakampita. Wengine walirudia maneno yaleyale aliyokwisha kuyasikia. Na farasi yule, Bi Kijakazi hakuweza kumpanda, kwa kuwa vitufe vilihitaji mkono wa pili.

"Kuzuri," alimwambia mkwewe. "Lakini nimekuwa kama mzuka. Nipo, na hakuna kinachojua kwamba nipo."

Idarusi aliinuka. Alikwenda pembeni, akawasha mashine ya zamani, akatafuta gemu ambayo vijana hawakuiomba tena. Haikuwa na mto wala farasi. Vipande vya rangi vilishuka kutoka juu, kimoja kimoja, navyo vilitakiwa kupangwa chini bila kuacha mwanya, mstari ukijaa unatoweka. Alipanga vitufe vyote vikae upande mmoja wa pedi, mahali kidole gumba kinapofika.

Mara ya kwanza vipande vilimzidi Bi Kijakazi kasi, vikarundikana hadi juu. Mara ya pili pia. Kisha, bila mtu kumwona anavyojifunza, akaanza kuvipokea. Nyekundu aliilaza, kijani akaisimamisha, ya bluu akaizungusha kabla haijafika katikati. Macho yake yakalegea, yakaenda yale masafa ambayo Sabra aliyafahamu tangu utotoni, masafa ya barazani Tongoni. Mdomo ulimchezacheza. Mistari ilijaa na kutoweka, ikajaa na kutoweka, na chumba kizima kilikuwa kimya isipokuwa kidole kile kimoja.

"Unaonaje, mama?" Idarusi aliuliza.

"Huku nikigusa panaitika."

Idarusi alimtazama mkewe kwa tabasamu la mtu aliyefunga bao dakika za mwisho. Sabra aliondoka akaenda jikoni. Hakukasirika sana, ila alikuwa ameyatia moyoni yale matembezi ya kando ya mto, na ilimuuma kuona vipande visivyo na sura vikimshinda.

Mwezi wa Mfungo Sita walimpeleka mama Tongoni kusikiliza maulidi. Aliketishwa mbele pamoja na wanawake wenzake. Jioni walimsogeza hadi mahali ambapo njia inaanza kuteremka kuelekea pwani, naye akaitazama njia ile aliyoipita tangu hajui kuhesabu. Sabra aliona kidole gumba cha mama yake kikisukuma hewa polepole, mbele, mbele tena. Njia haikusogea. Alikigeuza kiti, wakarudi Tanga.

Siku mbili tatu baadaye, wakinywa chai ya asubuhi, Bi Kijakazi aliweka kikombe chini.

"Nataka kuwaambia jambo," alisema. "Tangu niugue, hata ndotoni nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nikiota harusi, nimekaa. Nikiota marehemu baba yenu anaita nje, nimekaa, siwezi kumwendea. Jana niliota natembea. Si Tongoni. Ni kule mtoni kwenu. Nyasi zilikuwa na umande, zikanilowesha miguu yote miwili."

Sabra alishusha pumzi.

"Vile vipande navipenda," mama aliendelea, akimwangalia Idarusi. "Vimenirudishia kazi yangu, nawe umenifanyia ihsani. Lakini sijaviota hata mara moja. Sasa nyinyi mlitaka niamue, mimi naamua vipi? Mkono unataka kimoja na miguu inataka kingine."

Idarusi aliikoroga chai yake ingawa sukari ilikwisha yeyuka. Hakuwa mtu wa maneno mengi akishindwa, na hata hapo hakuwa na hakika kama ameshindwa. Mchana wake alijifungia chumba cha gemu, mlango umerudishwa, akihangaika na mipangilio ya mashine mpya. Alasiri akatoka na pedi mbili. Alikuwa amefaulu kuzifanya zote zimwongoze mtu mmoja, yule mwanamke wa joho.

"Mama atashika njia," alisema, "mimi nitashika vitufe. Mama akisema panda, napanda. Akisema ruka, naruka."

Wakakaa bega kwa bega. Mara ya kwanza farasi aliondoka kabla ya neno, wakatumbukia mtoni. Mara nyingine Idarusi alichelewa, wakagonga uzio. "Usinitangulie, baba," alisema Bi Kijakazi. "Nisikilize pumzi." Naye akajifunza kusikiliza pumzi. Mama alipovuta hewa, Idarusi alibonyeza, na farasi mwekundu akaunyanyua mwili wake wote mzito, akauvuka mto, maji yakaruka pande mbili kama shanga. Wateja waliokuwa wakisubiri zamu pembeni waliacha mpira wao wakaja kutazama.

Basi ikawa desturi ya nyumba ile kwamba baada ya sala ya alasiri skrini kubwa ni ya Bi Kijakazi na mkwewe. Mkono wa kushoto haukupona, na mguu ulifika kiasi cha kumsimamisha akishikwa, basi. Lakini walipita milima yote ya nchi ile, wakaziona theluji na misitu, na Sabra akawa anawaletea kahawa huku akiuliza leo wamefika wapi.

Siku moja ya mvua aliingia akawakuta kimya. Bati lilikuwa likinguruma juu, na ndani ya skrini pia mvua ilikuwa ikinyesha. Mwanamke wa joho alisimama kando ya mto na farasi wake, hatikisiki. Idarusi alikuwa ameiweka pedi yake chini. Mama alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea upande. Sabra alinyata, akanyoosha mkono kuelekea kwenye swichi.

"Usizime," alisema Bi Kijakazi bila kufumbua macho. "Farasi hajamaliza kula."