Wagonjwa Wasiokuwa na Safu

Fomu ya mwezi ilikuwa na safu ya malaria, ya kuhara, ya kichomi, ya majeraha, hata ya kuumwa na nyoka. Safu ya ugonjwa wa akili haikuwamo. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali moja ya huku Serengeti, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na kuijaza fomu hiyo ilikuwa kazi yangu. Hadi leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Maana wagonjwa hao walikuwa wanakuja. Waliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, wamefungwa kamba, na ndugu zao wamechoka kuliko wao. Mgonjwa wa malaria unampima, unampa dawa, unaita mwingine. Huyu wa kamba anakula asubuhi yako nzima: umkalishe, umsikilize, uwatulize ndugu, umzuie asitokee dirishani, huku benchi zima la nje linanung'unika kwamba sista anapiga soga. Jioni nikikaa kujaza fomu, asubuhi ile haikuwa na mahali pa kuandikwa. Nilichoweza kuandika ni mikono iliyochunwa na kamba. Majeraha.

Nikamwambia mganga mkuu wetu kwamba tunadanganya. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa karatasi kuliko simba.

"Sista, jaza kilichopo," akasema.

Nikachukua rula, nikachora safu yangu pembeni, nikaandika juu yake "akili". Fomu ikarudishwa na wakubwa, safu yangu imekatwa kwa wino mwekundu: msiharibu fomu za serikali. Tukaomba muuguzi wa pili na dawa ya kutuliza. Tukajibiwa kwamba kwa taarifa zetu wenyewe, wagonjwa wa namna hiyo hatuna. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawa walikuwapo, tena wanapiga kelele, na lao bado halikuwapo!

Ndipo akaletwa mama mmoja wa kijiji cha Busawe. Tangu wahamishiwe kijiji kipya alikuwa akitoroka kurudi kwenye boma lao la zamani, kuwaita ng'ombe ambao hawakuwapo tena. Safari ya mwisho walimkuta porini, karibu na nyati. Mdogo wake wa kiume, pande la mtu, alikaa naye kwenye benchi akimnywesha uji kwa kibuyu, kwa sababu mikono ya dada yake ilikuwa imefungwa.

"Sista, nipe dawa tu," akaniambia. "Mimi kumfunga sipendi. Huyu ni dada yangu, amenibeba mgongoni."

Dawa ile ya kutuliza hatukuwa nayo, ila ilikuwa inajulikana, na niliwahi kuona watu wakitulia na kurudi kulima mashamba yao kwa sababu yake. Nikamsihi asubiri. Nilikuwa nimeomba upya, safari hii kwa maneno makali, na gari la dawa lilikuwa njiani kutoka Musoma. Akakubali. Wakakaa barazani kwetu, yeye akiomba ugali kwa ndugu wa wagonjwa wengine, mimi nikichungulia barabara kama mtoto anayemngoja mama yake atoke sokoni.

Gari likaja. Tukafungua masanduku: bandeji. Sanduku la pili, bandeji. Barua ilieleza kwamba tumepewa nyingi kwa kuwa majeraha yameongezeka kwetu. Nilicheka, kisha nikalipiga sanduku teke mpaka kidole kikavimba. Mganga mkuu akajifanya anasoma barua.

Nikatoka kumwambia yule ndugu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

"Hizo bandeji ziko nyingi?" akauliza.

"Nyingi."

"Basi mviringishie mikononi, Sista. Weka nene."

Nikamviringishia. Yule mama akanishukuru kwa Kikurya. Mdogo wake akachukua kamba, akaifunga juu ya bandeji, akapitisha kidole chini yake kuona kama inabana.

"Sasa haitamchuna," akasema, akamwinua waende.