Sala ya saa sita, biro nzima imeiona

Wapendwa, leo ningetamani sakafu ipasuke nijifiche.

Kwa biro yetu, hapa kazini, kila mutu anafungulia wenzake ajenda ya simu yake, kalenda ya shughuli zake, waone ana nafasi saa ngapi. Asubuhi nilifungulia wote ya kwangu. Kumbe nimefungua na sala zangu, nazo ninaziandika humo humo!

Papa Justin anatafuta saa ya mkutano, akasoma kwa sauti: "Mama Bahati, saa sita uko na… 'Kumuombea Mama Chantal apate mutoto.'"

Mama Chantal, mwenzetu wa kazi, akainuka kwa meza yake.

Chantal siri hiyo aliniambia mimi tu, akilia.

"Mama, unisamehe," nikamwambia.

"Leta simu," akajibu.

Akafungia wote ruhusa, moja moja. Nikangoja afute na sala.

Hakuifuta. Aliniambia tu, "Kesho saa sita usisahau."

Munisaidie, nitamwangalia vipi kesho?