Nilimhubiria jirani niliyekuwa namwibia maji ya mfereji, akaniuliza swali moja tu

Wakuu, salamu kutoka mteremko wa Uluguru, juu kidogo ya Moro mjini, ambako leo network imekubali.

Haya ni ya kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi, maana mtu mbaya humu ndani ni mimi.

Nalima mboga. Kiangazi huku tunamwagilia kwa mfereji mmoja unaotoka mlimani, kila mtu na zamu yake. Chini yangu analima Bi Mwanaidi, mjane, Mwislamu wa swala tano, maneno machache na yote makali. Zamu yake Jumanne.

Sasa Jumanne asubuhi yeye hushuka sokoni. Akishapita tu, naziba mfereji kwa kigogo cha mgomba na tope, maji yote kwangu. Jioni nazibua. Akilalamika nampa pole, namwambia mlima umekauka, mambo ya tabianchi hayo. Misimu miwili kabichi zake zilikauka, akaanza kusema ataacha shamba la mama yake akauze maandazi mjini.

Mtu wa kanisani alikuwa mke wangu. Jumapili moja aliondoka na ufunguo wa stoo kwenye pochi, nikamfuata hadi kanisani nimefura. Mlangoni wakanipa kiti. Mhubiri alikuwa anaongea kawaida tu, kwamba Mungu humwita mtu hata akiwa mchafu, mara machozi yananitoka. Mpaka leo sielewi. Nikaokoka siku ile ile, stoo ikafunguliwa jioni.

Pombe niliacha. Matusi pia, ingawa mbuzi wangu bado wana malalamiko.

Basi nikawa mlokole wa kasi. Bodaboda nikawahubiria, muuza nyama nikamhubiria, ikawa wakiniona wanapokea simu ambazo hazijaita.

Ikafika zamu ya Bi Mwanaidi kuhubiriwa. Nikamkuta anapalilia udongo mkavu. Shikamoo, marahaba, nikaanza. Nusu saa nzima namweleza Yesu alivyonibadilisha. Alisikiliza yote, akaegemea jembe.

"Mwanangu, huyo Yesu akishakubadilisha, Jumanne maji yatafika?"

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso. Nakiri hapa: wiki ya tatu ya wokovu wangu, mfereji nilikuwa nimeuziba kama kawaida. Mkono ulishazoea, halafu nilikuwa na order ya koliflawa ya hoteli.

Nilirudi nyumbani nikagombana na nafsi yangu siku mbili. Koliflawa zilitaka maji, na mimi nilitaka hela ile.

Jumanne nikatoa kigogo, nikasafisha mfereji mpaka shambani kwake, nikamngoja arudi sokoni. Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Misimu yote miwili ni mimi. Naomba unisamehe."

"Najua," akasema. "Maji ya jioni huwa yanakuja na vipande vya mgomba wako."

Hakunikumbatia. Alisema kabichi zilizokufa siwezi kuzifufua, ila kesho nije na jembe. Nikamlimia matuta sita. Koliflawa zangu nusu zilinyauka, lakini usingizi niliolala wiki ile sijawahi kuupata.

Bado anaswali swala tano. Mimi namwombea, anajua, anacheka. Idd alituletea pilau.

Juzi akapanda mpaka kwangu, mara ya kwanza kabisa. Nikadhani maji yamekatika tena. Kumbe kaja kunituma.

"Kule juu yako Mloka anatuziba sote wawili. Kamhubirie kama ulivyonihubiria mimi. Ila wewe anza na jembe."

Nilichojifunza: nilikimbilia kuwapelekea watu habari njema huku nimekalia maji yao.

Kesho asubuhi napanda kwa Mloka. Nitamsafishia mfereji kwanza, Biblia itakaa mfukoni mpaka aulize.

Mliowahi kumfuata mtu anayewaibia huku mnamtakia mema, mlianzia wapi? Na wewe uliyewahi kuhubiriwa na mwizi wako, usipite kimya.