Kibao cha Mwamini, na Changu

Nitasema kweli tangu mwanzo, msije mkanisifu bure. Mwamini binti Mwishehe nilimwonea wivu tangu siku aliyotundika kibao chake, na wivu wenyewe haujanitoka mpaka leo.

Alikuja Kisarawe mwaka wa hamsini na mbili akitokea Mbwawa, mjane, chuma cha vitumbua kichwani na mama yake, Bi Siwema, akimfuata nyuma polepole. Alipanga chumba ng'ambo ya barabara, kikitazamana na duka langu. Nilimwona akifagia baraza nikajisemea, huyu miezi mitatu haimalizi. Wauza vitumbua walikuwa wengi. Duka la namna yangu lilikuwa moja tu.

Mimi niliuza vitu vya msiba: bafta ya sanda, ubani, kafuri, pamba, maji ya waridi. Duka aliniachia baba, pamoja na desturi yake. Mfiwa hakusumbuka kuja dukani. Mjumbe wao akifika tu na habari, baba alikata kitambaa, akakikunja, akakibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwa wafiwa. Nami nilifuata vilevile. Kuitwa kwenye msiba ndiyo ilikuwa heshima yangu yote katika mji huu, nyingine sikuwa nayo. Kibao hatukuwahi kuwa nacho. Nani apotee njia ya kwenda kununua sanda?

Basi Mwamini akamwita Hilario, fundi rangi aliyekuwa akiandika mabango ya parokia. Hilario alikuwa na daftari la mifano ya herufi: nyembamba, nene, za kiserikali zilizosimama wima kama askari, na kurasa za mwisho zile alizoziita herufi za ngoma. Alimweka mteja chini, akamfunulia ukurasa baada ya ukurasa, akauliza swali lake lilelile kwa kila mtu: "Biashara yako ikifika mlangoni kwa watu, inapiga hodi kwa sauti gani?"

Mwamini, nilimsikia kwa masikio yangu, akajibu, "Inapiga hodi ikicheka, kaka Hilario. Mtu anakuja kwangu asubuhi amenuna, ataondoka ameshiba."

Siku ya tatu kibao kikapanda juu ya mlango wake. VITUMBUA NA CHAI, kwa rangi nyekundu na manjano. Hakuna herufi iliyotulia. Moja imeruka, jirani yake imechuchumaa, na zile U mbili zilikuwa vikombe vyenye mikono, moshi ukitoka juu. Watu walisimama barabarani wakacheka. Wasiojua kusoma nao walijua humo ndani kuna chai. Makarani wa boma wakaanza kupita pale kabla ya kazi, wakulima wakaanza kupita wakitoka sokoni, na baraza langu lililozoea wazee wa bao likabaki na mimi na paka.

Iliniuma. Nilikuwa nikikaa mlangoni kwangu nahesabu vichwa vinavyoingia kwake. Siku moja kimojawapo kikawa cha mke wangu, Mwanaamina. Alirudi na vitumbua vinne ndani ya jani la mgomba.

"Baba Salehe, onja," akasema. "Vina iliki."

"Sina njaa," nikamjibu. Alipoingia ndani nikavila vyote vinne. Vilikuwa vitamu, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Kesho yake nikamwendea Hilario. Nilimwambia nataka kibao, tena kwa herufi zilezile za ngoma. Akaweka brashi chini.

"Bwana Mwinjuma, zile zinacheka. Watu wako hawaji wakicheka. Nikuandikie hizi nyembamba, zimeinama kidogo, zina adabu."

"Kwani yule mwanamke amezinunua zote peke yake?"

"Hakuzinunua. Zimemfaa tu."

"Basi nichezeshee zangu kuliko zake," nikasema. Mwanaamina alipopata habari aliniambia neno moja tu, kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Nikamwambia tembo hayupo hapa, yupo muuza vitumbua.

Hilario alifanya kama nilivyomwamuru, na alikuwa fundi kweli. SANDA, UBANI, KAFURI, kijani na nyekundu. Ile S ilikata kiuno. Zile A zilirusha miguu. D ilikuwa na tumbo la mtu aliyeshiba pilau. Siku hiyo watu walijaa mbele ya duka langu wakatazama, nami nikatazama ng'ambo kuona kama Mwamini anaona. Alikuwa mlangoni kwake. Aliona. Hakucheka, akarudi ndani kupindua vitumbua vyake, na mimi kwa upumbavu wangu nikadhani nimemshinda.

Wiki ya pili mzee Pazi akafiwa na mkewe. Nikakata kitambaa mapema, nikakikunja, nikakaa kungojea kuitwa. Hakuna aliyekuja. Mchana nikamwona mwanawe, Abdala, anapita na furushi jeupe begani. Lilikuwa limetoka duka la mbali, maili nyingi kwa miguu, na mlango wangu alikuwa ameupita asubuhi. Nikamwita. Abdala akainua macho kwenye kibao, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, baba mdogo. Mzee kasema mke wake hatavalishwa nguo ya ngoma."

Nilikwenda mazikoni hivyohivyo, mikono mitupu. Pale walikuwapo watani, Wanyamwezi wa kambi ya mkonge, na mkuu wao Maneno. Mnajua sisi Wazaramo na watani wetu: msibani wao ndio wana ruhusa ya kufanya mzaha. Maneno alijifunga shuka jeupe kutoka kichwani hadi miguuni, akalala katikati ya uwanja. Halafu akainuka, akarusha mguu kama zile A zangu, akatoa tumbo kama ile D, akaimba kwamba marehemu wa Kisarawe siku hizi hawazikwi, wanakwenda dansini, na tiketi anauza Mwinjuma. Watu walicheka mpaka wakashikana. Hata Pazi alicheka huku machozi yanamtoka. Mtani hanuniwi, kwa hiyo na mimi nikacheka. Kisha Pazi akageuza macho kwangu, naye hakuwa akicheka tena. Yeye hakuwa mtani wangu.

Baada ya hapo misiba miwili ikapita bila mimi. Ningeweza kukishusha kibao. Sikukishusha, maana ng'ambo ile angeniona nikikishusha. Bora duka life, nilisema moyoni, kuliko yule mwanamke aone.

Ndipo Bi Siwema akafariki, asubuhi, baada ya sala ya alfajiri. Nilisikia kilio cha Mwamini mwenyewe. Nikakaa ndani, sikugusa hata mkasi. Nilijua hatanitumia mtu, na barabara nzima ilikuwa nje ikingoja kuona atamtuma nani.

Hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, kichwa wazi, bila viatu, akasimama barabarani mbele ya mlango wangu.

"Kaka Mwinjuma, mama ameondoka. Baba yangu alipokufa, baba yako alitembea mpaka Mbwawa na sanda mkononi. Mama aliniambia, siku yangu ikifika, nendeni nyumba ileile. Nimekuja. Ila nakuomba unigeuzie kibao chako, nipate kuingia."

Nikatoa ngazi. Nilipokuwa juu, nikikigeuza kibao ubao wake mtupu uelekee watu, nikatazama ng'ambo. Juu ya mlango wake, vikombe vilivyotoa moshi na herufi zote zinazorukaruka hazikuonekana. Kabla ya kuvuka barabara alikuwa amevua kanga ya kichwani mwake akazifunika.

Hapo, juu ya ngazi, mbele ya mfiwa, nilimwonea wivu kuliko siku zote.

Nilikata kitambaa, nikakikunja, nikakibeba mwenyewe hatua zile arobaini. Pazi alikuwa barazani kwa Mwamini. Akanisogezea mkeka.

Matanga yalipokwisha, Mwamini aliitoa kanga yake, na watu wakarudi kucheka chini ya kibao. Changu sikukigeuza tena. Wageni huuliza kwa nini nimetundika ubao usioandikwa kitu, na mimi huwaelekeza ng'ambo, wakanywe chai.